Tofali likipasuka, kuni zimekwisha kuliwa

Kila kiangazi, kuanzia mwezi wa tano mpaka mvua zirudi, moshi wa matanuru ya matofali unaonekana pande zote za pembeni ya mji wa Lubumbashi. Vijana wanabomoa kichuguu, wanakanyaga udongo, wanapiga matofali na kuyachoma kwa kuni ambazo siku hizi zinatoka mbali. Tanuru likifunguliwa, pembeni linabaki fungu la vipande: yaliyopasuka, yaliyoiva nusu, yaliyoungua. Wakaaji wamelizoea fungu hilo kiasi kwamba hawalioni tena. Ila ndilo linalokula msitu.

Kule Japani, baada ya vita vya pili vya dunia, kampuni ya Toyota haikuwa na pesa ya kushindana na viwanda vya Marekani kwa wingi wa mashine na akiba. Mhandisi wake Taiichi Ohno akapanga kazi kwa kuwinda kila kinachogharimu bila kumfaa mnunuzi. Alitaja aina 7 za upotevu, kati yake kutengeneza kupita mahitaji, kungoja, kulundika akiba, kusafirisha bure na kutoa vitu vibovu. Kwa Kijapani upotevu huo unaitwa "muda". Mswahili akisikia atacheka, ingawa hata hapa muda ndio unaopotea wa kwanza.

Katika hesabu ya Ohno moshi haukutajwa, wala mto, wala mti. Lakini viko ndani yake. Tofali bovu limekwisha kula udongo, maji, jasho na kuni, na hakuna kimoja kinachorudi. Tofali lisilokauka vizuri likiingia tanuruni, moto wa kwanza wote unatumika kufukuza maji, kisha tofali lenyewe linapasuka. Kuni mbichi ni vilevile: zinatoa moshi mwingi na joto kidogo. Tanuru lisilopakwa udongo nje linapasha hewa ya jirani. Kukausha chini ya kivuli siku za kutosha, kuacha kuni zikauke, kuziba nyufa: hayo yote hayahitaji mashine ya dola elfu. Yanahitaji patroni asiye na haraka, na hapo ndipo penye ugumu.

Mji wenyewe una mfano mkubwa zaidi, ule mlima mweusi karibu na bomba refu la Gécamines. Shaba ilianza kuyeyushwa pale 1911, na mabaki yakalundikwa miaka na miaka yakiwa na kobalti na zinki ndani. Baadaye kiwanda cha STL kikajengwa ili kuyeyusha tena mabaki yale yale, na 2024 madini ya germaniumu kutoka humo yakaanza kupelekwa kwa kampuni ya Umicore ya Ubelgiji. Ni jambo zuri. Lakini kitu kilekile kimelipiwa moto mara mbili.

Hata hivyo, mbinu ya Wajapani isiigwe yote kama ilivyo. Inataka akiba iwe ndogo sana, vitu vifike vinapohitajiwa tu. Hapa umeme wa SNEL unakatika na barabara zinaharibika na mvua. Kiwanda kisicho na akiba kitasimama, au kitawasha jenereta na kuchoma mazuti mchana kutwa. Tena kuna patroni ambaye akipunguza kuni kwa tanuru moja atawasha la pili kwa kuni zilizobaki. Msitu haujapata kitu. Na akipunguza upotevu kwa kufukuza vijana, wengi wao watakwenda porini kuchoma makala, na miti itakayoanguka kule itapita ile iliyookolewa tanuruni.

Kwa hiyo hesabu iwe ya kuni zote za msimu, si za tanuru moja tu, na faida itakayopatikana ionekane pia mfukoni mwa wapiga matofali. Shule, parokia na wenye mashantie makubwa, wanaoagiza matofali kwa maelfu, wana nguvu ya kuanzisha jambo hili. Kabla ya kulipa, wamuulize patroni: yaliingia mangapi, yalitoka mangapi mazima, na kuni zilikuwa kamioni ngapi? Swali hilo halingojei sheria kutoka Kinshasa. Linataka daftari, na mtu wa kusimama pale siku ya kupanga tanuru na siku ya kulifungua.