ACHENI KUCHEKA: Kinyonga wa mrembo wa Ramadhani hachezi singeli, anaumwa

Haya wadau, klipu imeshazunguka Njombe nzima, kuanzia Ramadhani mpaka stendi ya Makambako, na hakuna grupu la WhatsApp ambalo halijaipokea angalau mara mbili. Jina halitatajwa hapa, wanaomjua wanamjua. Ni mrembo mwenye wafuasi kibao, anauza mawigi na vipodozi, na wiki mbili sasa kapata kiki mpya: kinyonga. Kamweka kwenye boksi la kioo juu ya meza, pembeni ile taa ya duara ya kupigia picha, nyuma singeli inagonga. Kinyonga anatetemeka miguu. Juu ya klipu kaandika kwamba huyo ndiye mume wake mpya na anajua kucheza kuliko yule wa zamani.

Watu wakafa kwa kicheko. Komenti iliyopata laiki nyingi kuliko zote inasema kinyonga kalewa ulanzi.

Kalewa ulanzi! Basi iangalieni ile klipu tena, safari hii zimeni sauti kwanza.

Muziki ukiisha, kinachobaki ni hiki. Vidole vya kinyonga vinashtuka-shtuka hata pale mwili mzima umetulia. Mikono ya mbele imepinda kwa nje kama miguu ya mtoto mwenye matege. Kijiti kimewekwa ndani ya boksi ili apande, yeye kalala chini kwa tumbo, anajiburuza kwa viwiko. Mdomo wa chini umelegea, haufungi vizuri. Halafu kuna ile sehemu iliyochekwa kuliko zote, panzi anapita mbele yake, ulimi unatoka kidogo tu, unarudi mtupu, na mrembo anasikika akisema "mvivu huyu". Kinyonga mzima anarusha ulimi mrefu kuliko mwili wake, na mdudu hana hata muda wa kushtuka. Huyu hafiki hata urefu wa kidole.

Huo uvivu una jina. Ni ugonjwa wa mifupa kulainika, na ndio unaowamaliza vinyonga wengi wanaofugwa na watu wasiojua wanachofuga. Kinachotokea ni hivi. Misuli, mishipa ya fahamu na moyo vyote vinahitaji kalsiamu ili vifanye kazi. Kalsiamu ikipungua kwenye damu, mwili haukai kusubiri mwenye nyumba anunue. Kuna vijitezi vinavyotoa amri ya kuichota kwenye mifupa. Leo inachotwa kidogo, kesho kidogo, mpaka taya linakuwa kama mpira na mguu unavunjika kwa kushikwa tu. Ikifika hatua kwamba hata mfupa hauna tena cha kutoa, ndipo mitetemo inaanza. Kwa hiyo kilichopigiwa singeli pale ni dalili ya mwisho mwisho, wala siyo ya mwanzo.

Kuna mjuaji mmoja kwenye komenti kadai kila kinyonga huyumba, eti ndiyo maumbile yake. Nusu kweli. Kinyonga mzima akitembea huyumba mbele na nyuma, mwili wote kwa pamoja, kama jani linalopigwa na upepo, na muda wote huo vidole vimekaba kijiti kisawasawa. Jaribu kumbandua uone anavyong'ang'ania. Mgonjwa hakabi. Anatetemeka kidole kimoja kimoja, na hata asipotembea anatetemeka. Mwenye macho atofautishe.

Sasa timu ya mrembo imekuja juu. Utetezi wa kwanza, "anampenda, anamlisha kuliko hata watu wanavyokula". Sawa, anamlisha nini? Mwenyewe kaonyesha, tena kwa kujisifu: nyama ya ng'ombe ya kusaga, na siku nyingine panzi wanne au watano. Nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalsiamu kiduchu sana, na fosforasi ikizidi ndiyo inazidi kuuvuruga mwili. Panzi naye peke yake hatoshi. Mdudu hana mfupa, kalsiamu ataitoa wapi? Porini kinyonga anakula wadudu wa kila aina, matumbo yamejaa majani, na anashinda juani. Ndani ya boksi anapewa aina moja ya chakula na jua hapati.

Na watu wa Njombe ndio walitakiwa wawe wa kwanza kulielewa hili. Mkoa una viazi, mahindi, maharage, parachichi mpaka zinaozea chini, lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliukuta na udumavu kwa karibu nusu ya watoto walio chini ya miaka mitano. Tumbo kujaa ni kitu kimoja na lishe ni kitu kingine, semina zimeimba hivyo kila kijiji. Yaani mtu amesikia wimbo huo tangu akiwa darasa la tatu, halafu leo anajibu kwamba kinyonga hawezi kuumwa kwa sababu "anashiba".

Utetezi wa pili ni ile taa. "Mbona ana taa kubwa, tena ya bei?" Taa ya kupigia picha inamng'arisha mrembo, kwa kinyonga haina kazi yoyote. Kinachohitajika ni mionzi ya jua inayoitwa UVB. Ikipiga ngozi, mwili unatengeneza vitamini D3, na bila D3 hata kalsiamu ikimwagwa mdomoni inapita tu, tumbo haliifyonzi ipasavyo. Taa za LED za kawaida hazitoi UVB. Kioo cha kawaida nacho kinaizuia karibu yote. Kwa hiyo kioo kinaruhusu mwanga upite ili kinyonga aonekane vizuri kwenye kamera, na kile anachokihitaji kinabaki nje.

Hapa ndipo hasira inapokuja. Kwa miaka mingi vinyonga wa Tanzania walikuwa wanasafirishwa kwenda kuuzwa Ulaya na Marekani, mpaka mwaka 2016 serikali ilipopiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Huko wanakopelekwa, mfugaji mwenye akili ananunua taa maalumu ya UVB kwa pesa nyingi na kuibadilisha kila baada ya miezi kadhaa, maana mionzi inakwisha hata kama mwanga bado unawaka. Analipia umeme ili kuiga jua la Tanzania. Ramadhani jua hilo ni la bure. Mji uko juu milimani, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na milimani mionzi ni mikali zaidi. Halafu kinyonga anaugua kwa kukosa jua, hatua tatu kutoka kwenye uwanja wenye jua!

Na baridi pia isisahaulike. Kinyonga hana joto lake la ndani kama kuku au paka, anategemea joto la nje. Mwezi wa sita na wa saba Njombe mtu mzima anavaa majaketi mawili na bado anakunja mikono. Kinyonga aliyewekwa sebuleni penye baridi siku nzima hasagi chakula vizuri, hata kile kidogo chenye faida kinapotea.

Kuna jambo jingine ambalo mashabiki hawakuliona. "Mume" mwenyewe huenda ni mke. Huyu ni kinyonga wa kawaida mwenye vipande vya ngozi shingoni, wataalamu wanamwita Chamaeleo dilepis, na dume wa aina hiyo huwa na kijimwiba nyuma ya kisigino cha mguu wa nyuma. Kwenye klipu mguu umeonekana vizuri kabisa, kijimwiba hakuna, na tumbo limejaa pande zote mbili. Kama ni jike na ana mayai, basi mambo ni mabaya mara mbili. Jike wa aina hii anaweza kubeba mayai makumi kwa mkupuo mmoja na yote yanadai kalsiamu. Mfugaji yeyote wa kuku wa mayai anajua, chokaa ikikosekana kwenye chakula ganda linatoka laini kama karatasi. Jike dhaifu anaweza kukosa hata nguvu ya kuyasukuma, akafa nayo tumboni.

Tumgeukie sasa yule "daktari" wa Makambako. Jamaa ana duka la dawa za mifugo na ana ukurasa wake wa ushauri, na ndiye aliyejitokeza kwenye komenti kwa herufi kubwa: mpe maziwa, mchanganyie na DCP ya kuku, na ikishindikana mchome ile kalsiamu ya ng'ombe. Watu mia na zaidi wakampa makofi.

Kaka, kwa heshima zote, huo ushauri unaua. Kinyonga hakuumbwa kunywa maziwa, yatamharibu tumbo tu. DCP ina kalsiamu ndiyo, ila ina fosforasi pia, ileile iliyozidi tayari. Na ile chupa ya ng'ombe hutolewa kwa ng'ombe aliyeanguka kwa homa ya maziwa, mnyama wa kilo mia kadhaa. Kinyonga hafikii hata uzito wa yai la kuku. Akikosea tone moja moyo unasimama. Kalsiamu ya sindano ipo kwenye tiba ya vinyonga, lakini inapimwa na daktari wa mifugo kwa kumpima mnyama uzito kwenye mizani. Haitolewi kwa kukisia dukani.

Tiba yenyewe si siri. Kwanza mikono ikae mbali. Mifupa ya namna hii inavunjika kwa kumvuta tu kutoka kwenye kijiti, kwa hiyo asiguswe bila sababu, na akihamishwa aachwe apande mkono mwenyewe. Vijiti viwe vya chini na chini kutandikwe kitambaa laini, maana akianguka hata kutoka urefu wa kikombe anaweza kuvunjika. Atoke kwenye kioo kabisa. Akae kwenye mti mdogo wa chungu, nje, asubuhi, nusu jua nusu kivuli ili achague mwenyewe, na mtu awe karibu kwa sababu kuna kuku, paka na kunguru. Maji anyunyiziwe kwenye majani, vinyonga hulamba matone, bakuli wengi hawalitambui hata likiwa mbele yao. Apelekwe kwa daktari wa mifugo aliyesomea kazi hiyo. Afisa mifugo wa kata akisema hajawahi kumtibu mnyama wa hivi, si aibu, apige simu kwa wenzake wa chuo kikuu cha SUA, Morogoro, ndiko wanakofundishwa madaktari wa mifugo. Picha ya eksirei ikipatikana, itaonyesha mifupa iliyovunjika kimyakimya. Kisha kalsiamu ya maji kwa kipimo, kila siku, kwa wiki nyingi. Mitetemo inaweza kutulia mapema, mifupa inachukua miezi, na mkono uliokwisha kupinda utabaki umepinda.

Kwa kinyonga ambaye bado mzima, kinga ni rahisi mpaka inauma. Jua la moja kwa moja, wadudu mchanganyiko waliolishwa mboga za majani, na unga laini wa kalsiamu isiyo na fosforasi wa kuwapaka wadudu kabla hajala. Ganda la yai lililochemshwa, likakaushwa na kusagwa mpaka liwe kama poda, karibu lote ni kalsiamu hiyohiyo. D3 ya kopo iwe kwa nadra, ikizidi inaharibu figo, na anayepata jua la kweli haihitaji sana.

Ila kuna swali la msingi ambalo timu ya mrembo inalikwepa. Kibali kiko wapi? Kinyonga ni mnyamapori. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kuokota mnyamapori kichakani na kumgeuza pambo la sebuleni, kuna vibali, na TAWA ndio wanaohusika. Wanaosema "ni kinyonga tu, wengine wanawaua kwa fimbo kwa kuamini ni uchawi" wana hoja ya ajabu sana. Aliyepigwa fimbo kafa dakika moja. Huyu wa kwenye boksi anakufa kwa miezi, tena kwa muziki na laiki.

Wengine wanashauri amwachie tu porini yaishe. Angekuwa mzima, amrudishe palepale alipomtoa, leo hii. Lakini kwa hali aliyonayo hawezi kukaba kijiti wala kurusha ulimi. Kumwachia hivyo ni kumpelekea kunguru chakula. Atibiwe kwanza, TAWA wajulishwe, wao wataamua.

Jumapili mrembo kajibu mapigo kwa klipu mpya. Boksi limesogezwa dirishani, maandishi yanasema baba watoto anaota jua na wenye wivu wajinyonge. Dirisha limefungwa. Boksi nalo limefungwa. Vioo viwili, UVB hakuna, na joto linaloingia halina pa kutokea, kinyonga kapanua mdomo na kapauka rangi yote. Mashabiki wanaandika kwamba anacheka. Jirani yeyote wa Ramadhani anayepaona hapo, abishe hodi kabla ya saa sita mchana amtoe huyo mnyama kwenye kivuli.