Heshima kwa Mwalimu Si Kunyamaza

Katika Pwani yetu, tangu zama za wazee wetu, mzazi akimpeleka mwanawe chuoni humshika mkono, akamkabidhi kwa mwalimu na kusema: nyama yako, mifupa yangu. Maana yake ni kwamba mwalimu amfunze na kumtia adabu aonavyo, na mzazi hana la kuuliza hadi mtoto akhitimu. Ada hiyo yafaa katika mji ambao mwalimu ni jirani, hukutana na mzazi msikitini kila siku, na mtoto akifanya utundu habari hutangulia kufika nyumbani kabla yake.

Lakini leo ndugu zetu wengi wako Uingereza. Wako waliotoka Mombasa, Lamu na Malindi kutafuta riziki, na wako Wabajuni na watu wa Barawa waliokimbia vita vya Somalia vya mwaka 1991, wakafanya maskani London na miji mingine. Wamekwenda na ada ile ile. Kwa maoni yangu, katika shule za sekondari za huko, ada hiyo inawagharimu watoto wao.

Sisemi kwamba walimu wa huko ni wabaya. Nasema shule zao zimezoea mzazi anayeuliza. Asiyeuliza huhesabiwa kuwa ameridhika, au kuwa hajali.

Tuanze na mlango wa kuingilia. Hapa kwetu tulizoea kungoja: mtoto afanye mtihani, alama zitoke, kisha barua ya kuitwa ifike. Hata mtihani wa KCPE, uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, ulikuwa hivyo. Huko England mtoto huingia sekondari akiwa na miaka 11, na shule nyingi za serikali hazimpimi kwa alama. Mzazi ndiye anayejaza fomu ya halmashauri ya mtaa wake na kuzitaja shule anazozitaka, ya kwanza, ya pili na ya tatu, kabla ya tarehe 31 Oktoba kupita. Majibu hutoka mwezi wa Machi. Aliyechelewa hufikiriwa baada ya wenzake, na aghalabu huambulia kilichosazwa.

Mtoto akinyimwa shule, mzazi ana haki ya kukata rufani mbele ya jopo lisilo la shule ile, na hupewa muda usiopungua siku 20 za masomo kuipeleka. Mwenyeji huandika barua usiku ule ule. Mgeni husema ndiyo kudra, akanyamaza. Je, tumesahau habari ya bedui na ngamia wake? Funga kwanza, kisha tawakali.

Jambo zito zaidi hutokea ndani ya shule, bila kelele. Mtoto akifika miaka 16 hufanya mtihani wa GCSE, ambao gredi yake ya juu ni 9. Hesabu ina karatasi za namna mbili, za juu na za chini. Anayefanya za chini, hata akipata kila jibu, hawezi kupita gredi 5. Na aghalabu gredi 5 haimfungulii mtu mlango wa kuendelea na hesabu katika masomo ya A-level, ambayo ndiyo njia ya uhandisi. Tufikirie mtoto aliyefika huko na miaka 12, Kiingereza chake kizito bado. Aweza kuwekwa kundi la chini kwa sababu ya lugha, akasahauliwa humo. Baba yake angali anawaambia jamaa kuwa mwanawe atakuwa injinia, kumbe mlango umeshafungwa wala hakuna aliyesikia komeo.

Ripoti nayo haimwamshi mzazi. Sisi tumezoea kuambiwa mtoto ni wa 3 au wa 30 katika darasa. Huko aghalabu hakuna nambari, na maneno ya mwalimu ni ya upole. Mzazi husoma kwamba mtoto anajitahidi, akamshukuru Mungu. Au hasomi yeye. Mtoto ndiye anayemsomea. Ndugu zangu, hakuna mtu anayefaa kuwa mkalimani katika kesi yake mwenyewe.

Wako watakaonijibu kwamba kumhoji mwalimu ni utovu wa adabu. Nawakumbusha methali yetu: ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Huko kuuliza ndiko adabu yenyewe. Kuna jioni maalumu ambapo walimu hukaa wakingoja wazazi, na kiti kilicho wazi mbele ya mwalimu humweleza mengi asiyoyapenda mzazi. Na anayeuliza huhifadhi hata dini ya mwanawe. Sheria ya huko inampa mzazi haki ya kumwondoa mtoto katika ibada ya shule, na mtoto asiyefika shule siku ya Idi kwa ajili ya dini hahesabiwi mtoro. Lakini haki hizi hazimfuati mtu kitandani. Sharti aziombe.

Shauri langu ni hili. Watu wetu huko wana madrasa za jioni na za mwisho wa wiki, na wazazi huja kuwachukua watoto. Wale ambao wana wao wamekwisha kupita sekondari wakae na waliofika juzi, wawafundishe maswali matatu tu: mwanangu yuko kundi gani, atafanya karatasi gani, na afanye nini ili apande?

Nasi tuliobaki nyumbani tuna sehemu yetu. Tukizungumza na jamaa walioko London, huuliza habari za kazi, za baridi na za mzigo uliochelewa. Tuulize pia habari za shule ya mtoto, na tusikubali jibu la kwamba anaendelea vizuri. Mwalimu wa huko hakukabidhiwa nyama wala mifupa. Mtoto wetu angali wetu, na tutaulizwa habari zake.