Kijiti cha Meno Kingetosha

VUMBI LA LONGONOT
Na Karanja wa Stesheni

Tangu Jumanne nina hasira, kwa hivyo msitarajie bashasha.

Nilikuwa nimeshuka senta, upande wa barabara ya Maai Mahiu, kutafuta betri za redio yangu. Mkabala na duka la betri kuna kibanda cha fundi wa simu, na nje ya kibanda, juu ya debe lililopinduliwa, alikuwa ameketi shosho mmoja anayeuza viazi kando ya barabara. Mikono ameikumbatia kifuani, macho yako ndani ya kibanda, kama mtu aliyeleta mgonjwa. Nikamwamkia. Akaniambia simu yake haishiki chaji. Siku ya tatu hiyo anaichomeka usiku, na asubuhi anaikuta na moto ule ule alioiacha nao, au pungufu.

"Ukiukunja waya inashika, mwanangu," akasema. "Ukiuachilia tu, inakufa."

Wasomaji wangu, shosho yule alikuwa amekwisha kuutaja ugonjwa kwa jina. Simu inayoshika chaji waya ukikunjwa na kuiachia waya ukiachiliwa haina wazimu wala haijarogwa. Waya haufiki mwisho wa tundu, basi. Ama waya wenyewe umechoka, na hilo utalijua kwa kuazima wa jirani, ama kuna kitu kimekaa ndani ya tundu. Na kwetu hapa Longonot ni nani wa kuuliza kitu hicho ni nini? Tunakipangusa kwenye kochi asubuhi na jioni. Tunakitafuna kwenye githeri. Mlima huu wenye mita 2,776, ambao wageni hulipa kuupanda na sisi tunautazama bure, ulitapika majivu zamani, na majivu yale hayajatulia mpaka leo. Lori moja likipita, duka zima hupiga chafya. Vumbi jepesi namna hiyo likiingia mfuko wa sweta, likikutana na nyuzi za sweta na kutu ya sarafu, linajipakia kwenye tundu la simu, na kila usiku unapochomeka waya unalishindilia zaidi, kama mtu anayeshindilia udongo kwenye shimo la mwimo.

Fundi hakuuliza neno. Aliipokea simu, akachomeka waya wake mwenyewe, waya ukaning'inia. Akauinua, ukaning'inia tena. Sasa tazameni maajabu: alifungua droo, akatoa mpira wa manjano, ule wa kufungia noti, akauzungusha kwenye simu na waya pamoja ili waya usicheze. Simu ikashika chaji. Kwa mikono yake miwili fundi alikuwa amelithibitisha neno la shosho, macho yake yakaona, na bado kichwa hakikupata habari.

"Hii ni programu imeingia shida, shosho," akasema. "Tutaiflashi. Mia tano."

Enzi zetu kumflashi mtu kulikuwa kumpigia mlio mmoja na kukata, ili apige yeye. Hasara ya aliyeflashiwa ilikuwa salio lake, na akiwa mjanja hakupiga. Siku hizi kuflashi ni kuifuta simu yote, irudi kama ilivyotoka kiwandani. Kila fundi mwenye kiti cha plastiki kati ya hapa na Naivasha anatibu kwa dawa hiyo moja. Simu nzito? Iflashi. Haina sauti? Iflashi. Imeanguka kwenye choo? Itoe, ikauke, iflashi.

Nilipofungua kinywa kusema ngoja, kijana alikuwa amekwisha kubana kitufe cha kuwasha pamoja na cha sauti, akashuka kwenye orodha ya maandishi madogo, akathibitisha. Kioo kikawa cheusi. Alama ya kampuni ikatokea, halafu duara linalozunguka, na mwisho simu ikamkaribisha shosho kana kwamba hawajawahi kuonana.

"Na picha zangu?" akauliza.

"Zitarudi zenyewe."

Hazikurudi. Kilichokuja ni ukurasa unaodai baruapepe na neno la siri vya akaunti ya Google iliyokuwa kwenye simu hapo awali. Kufuli hilo liliingizwa kwenye simu za Android mwaka wa 2015, ili mwizi akiiba simu na kuifuta asiweze kuitumia. Ni jambo jema. Ila simu haijui kumtofautisha mwizi na shosho wa viazi aliyeileta kwa fundi. Kufuli la mwizi lilimfungia nje mwenye nyumba.

Shosho hajui baruapepe. Aliponunua simu alipelekwa kwenye saiba, akamkuta kijana mmoja mpole, kijana akamuuliza jina na mwaka wa kuzaliwa, akabonyeza bonyeza, akampa simu ikiwa tayari. Hakumwandikia hata chembe kwenye karatasi. Wengi mnaosoma hapa akaunti zenu zilifunguliwa hivyo hivyo, na msijifanye.

"Kutoa kufuli ya Google ni mia nane nyingine," akasema fundi, wala hakuona haya.

Nilimtazama. Akanitazama. "Mzee, hiyo ni kazi tofauti," akaongeza.

Sikumjibu. Niliingia hoteli ya pembeni, nikachukua kijiti kimoja cha meno kwenye kikombe kilicho mezani, na kwa sababu mwenye hoteli alikuwa akinitazama nikaagiza chai nisiyoitaka. Nikarudi, nikaomba simu, nikaizima. Daima izimwe kwanza, na kijiti kiwe cha mti, si sindano wala pini, maana chuma kitakwangua vile vijino vya ndani na hapo ndipo mtauziana tundu jipya kweli. Wala usipulize kwa mdomo, utatia mate. Nikaelekeza mwanga wa kabambe yangu, simu ya vitufe, kwenye tundu, nikaingiza kijiti ukingoni polepole, nikavuta nje. Mara ya tatu kikatoka kitu cha kijivu, kimeshikana kama kipande cha blanketi, kadiri ya nusu ya tembe ya Panadol. Nikakiweka juu ya kaunta, mbele ya fundi. Nikachomeka waya. Uliingia kwa mlio, ukakaa imara bila mpira wala mkunjo, na alama ya radi ikatokea kwenye kioo.

Fundi alikiangalia kile kipande kwa muda. "Lakini hata programu ilikuwa na shida," akasema.

Nilitaka kuondoka, shosho akanishika mkono. Hakuwa akiwazia tena picha. Alikuwa akiwazia pesa za viazi za wiki nzima zilizokuwa kwenye M-Pesa. Alidhani nazo zimefutwa. Hapo angalau nilikuwa na habari njema. Pesa za M-Pesa hazilali ndani ya simu. Ziko kwenye mitambo ya kampuni ya simu, na kinachokutambulisha ni laini yako na namba yako ya siri. Tulitoa laini yake, tukaitia kwenye kabambe yangu, akaomba salio. Ujumbe ulipoingia alinipa nimsomee, nikamsomea mara mbili. M-Pesa ilianza mwaka wa 2007 kwenye simu za namna hiyo hiyo, na kabambe yangu ambayo mama watoto anaiita aibu ya ukoo ilifanya kazi ambayo simu kubwa zote za kibanda kile zilishindwa.

Kilichopotea ni kingine. Binti ya shosho yuko Riyadh, anafanya kazi ya nyumbani. Shosho hapendi kusoma, macho yamechoka, basi binti humtumia sauti kwenye WhatsApp usiku, baada ya mwajiri kulala. Hakuzifuta hata moja. Jioni akimaliza kupanga magunia husikiliza za siku nyingi zilizopita, kisha za jana. Hizo ndizo zilizofutwa ili kutibu vumbi.

Na haya yanatokea wapi? Longonot! Mwaka wa 1970 kituo cha setilaiti kilifunguliwa kule Mlima Margaret, jirani yetu, na kwa miaka mingi Mkenya aliyempigia simu mtu wa London sauti yake ilitokea hapa, ikapaa juu hadi kwenye setilaiti, ikashukia upande wa pili. Mpaka nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka wa 2009, sehemu kubwa ya maneno ya nchi hii na ulimwengu ilipitia juu ya vichwa vya mbuzi wetu. Vumbi lilikuwa hili hili. Sijapata kusikia kwamba sahani ya kituo ilipojaa vumbi waliifuta Kenya nzima na kuanza upya.

Nimemkumbuka fundi wa redio tuliyekuwa naye Naivasha nilipokuwa kijana. Ukimpelekea redio hakuigusa. Alikuuliza: ilinyamaza ghafla au ilififia? Ulikuwa umeiweka wapi? Nani aliifungua kabla yangu? Kisha aliinusa. Naapa, aliinusa, na kwa harufu alijua kama kuna kitu kimeungua. Mara nyingi alifungua kifuniko cha betri, akasugua chemchemi kwa kipande cha msasa, akakurudishia. Tulimlipa kwa shingo upande, tukinung'unika kwamba hakufanya kitu.

Ndiyo maana siku hizi wanatuflashi. Hatulipii kufikiri. Fundi akikwambia shida ni vumbi, toa mia mbili, utamwita mwizi mpaka stesheni. Akiifuta simu, akakurudishia ikiwa na rangi mpya kwenye kioo, utatoa mia tano na kumshukuru. Tumewafundisha wenyewe kwamba kazi ni ile inayoonekana, na kufuta kunaonekana kweli.

Ugonjwa huu si wa mafundi peke yao. Mnakumbuka giza la Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima usiku wa Ijumaa ya tarehe 25. (Olkaria iko hapo ng'ambo, tunauona mvuke wake kwa macho, na tulikaa gizani kama wengine.) Stima iliporudi, intaneti ya jirani yangu tunayemwita Waziri wa Waya haikurudi nayo. Mtu mwingine angechomoa ile raouta, angehesabu dakika moja, angeirudisha, na ikikataa angempigia jirani kuuliza kama na yeye hana. Mimi nilikuwa jirani, na sikuwa nayo. Mlingoti wa kampuni ya intaneti bado ulikuwa hauna moto. Waziri alichukua pini ya nepi ya mjukuu, akaitumbukiza kwenye kile kitundu cha nyuma, akabana. Intaneti ilirudi mtaani jioni ile. Kwa Waziri ilirudi baada ya siku tisa, alipopatikana mtu wa kampuni wa kuja kuiwekea raouta mipangilio iliyofutwa kwa pini. Kile kitundu ni kidogo kwa makusudi, Waziri. Kingekuwa cha kuchezewa wangekiwekea kitufe.

Nami nisijitakase. Simu ya mama watoto niliifuta mwenyewe, kwa kidole hiki, kwa sababu ilikuwa ikisema nafasi imejaa. Nafasi ilikuwa imejazwa na video za harusi na maombi zinazojipakua zenyewe kwenye WhatsApp, jambo ambalo huzimwa kwenye mipangilio kabla maji ya chai hayajachemka. Sikutazama. Nilifuta. Picha za ubatizo wa kitinda mimba wetu zilikwenda na maji, na wiki ile nililala kochini.

Basi mkienda kwa fundi nendeni mkijua mambo mawili: baruapepe yenu na neno lake la siri. Yaandikwe kwa kalamu, kwenye karatasi, karatasi ikae na hatimiliki ya shamba, si ndani ya simu ile ile inayougua. Na fundi akitamka neno kuflashi kabla hajautazama waya na tundu, nyakueni simu yenu muende mkanywe chai hoteli ya pembeni. Vijiti viko mezani.

Ijumaa nilipita tena pale kibandani. Kijana amebandika karatasi mpya kwenye kioo, kwa kalamu nyekundu: KUSAFISHA TUNDU LA CHAJI, SH. 200. Juu ya kaunta kuna pakiti nzima ya vijiti vya meno. Hakunisalimia.

Simu ya shosho inashika chaji vizuri sana, na bado inamuuliza baruapepe. Kama sauti za binti yake zilihifadhiwa mahali, basi ziko nyuma ya neno la siri alilolichagua yule kijana mpole wa saiba, na saiba ile imefungwa, siku hizi ni duka la mbegu. Kijana, kama unasoma hapa, au kama mama yako anasoma: ulimfungulia akaunti shosho wa viazi wa Longonot. Yuko pale pale kando ya barabara, kuanzia saa moja asubuhi. Njoo umwambie uliandika nini.