Mbolea ya Kumnenepesha Dumuzi

Chini ya gunia kulikuwa na unga, na hakuna aliyesaga. Shangazi alichota konzi ya mahindi akayapuliza. Vumbi likapaa, kiganjani zikabaki punje zenye matundu kama filimbi, ukiibonyeza moja inapondeka. Katikati yake kadudu ka kahawia iliyokolea, urefu wa milimita nne hivi, kichwa kimezama kifuani, matako bapa kana kwamba yamekatwa kwa kisu. “Scania huyo,” akasema, akalifunga gunia.

Jina la lori linamfaa dumuzi huyu. Kwao ni Amerika ya Kati. Hapa Tanzania aligunduliwa kwanza Tabora, na inaaminika alikuja ndani ya mahindi yaliyoagizwa nje. Kufikia 1983 alishavuka Taveta kuingia Kenya, ambako baadaye wakambatiza Osama. Miaka zaidi ya arobaini! Na bado wakubwa wetu wanamzungumzia kama mvua ya mawe, kudra ya Mungu.

Kudra gani? Hiyo ni bajeti. Kila msimu nyimbo ni mbegu na mbolea. Ruzuku ya mbolea ilirejeshwa 2022, nami siipingi hata kidogo. Ila gunia likishajaa, mkulima anaachiwa dumuzi wake. Fedha ya umma inakuza mahindi, mdudu anajikaribisha.

Tena hasara kubwa haimo hata kwenye ule unga. Mkulima anajua dumuzi yuko njiani, basi Julai anauza karibu yote, kwa lumbesa, kwa bei anayoitaja mwenye lori (Scania nyingine hiyo). Februari anarudi sokoni kununua kwa debe alichokiuza kwa gunia. Dumuzi hajala punje hata moja, na mkulima keshaliwa.

Halafu anakuja mtaalamu na semina: “elimu ya hifadhi”. Elimu ipi? Shangazi anakausha mpaka punje inalia ikitafunwa. Anapukuchua mapema, maana kwenye gunzi dumuzi anapata pa kujiegemeza akachimba vizuri. Dawa ya unga anaijua, na anajua kwamba dukani huwezi kuwa na hakika kama iliyomo kwenye pakiti ni dawa au chokaa. Hata mifuko isiyopitisha hewa anaijua: nailoni mbili ndani, kiroba nje, ukifunga sawasawa wadudu wanaimaliza hewa, wanakufa bila sumu. Asichokuwa nacho ni pesa, kwa sababu mfuko mmoja bei yake ni mara kadhaa ya kiroba cha kawaida.

Basi wekeni ruzuku kwenye mfuko huo. Na afisa ugani aje Juni na mifuko begani, asije Novemba na daftari la kuorodhesha hasara.

Shangazi alichekecha yaliyosalia, vumbi akawamwagia kuku. Mwaka huu, anasema, atauza yote Julai.