Mnyama wa Jukwaani na Nauli Yake

Mwaka 1826 Muhammad Ali, mtawala wa Misri, alimpelekea Mfalme Charles X wa Ufaransa zawadi ya twiga jike. Twiga huyo, aliyekamatwa Sudani angali mtoto, alivushwa Bahari ya Kati kwa merikebu, na ng'ombe wa kumpa maziwa wakapakiwa pamoja naye. Mwaka uliofuata akatembezwa kwa miguu kutoka Marseille hadi Paris, mwendo wa karibu kilomita 900, huku watu wakifurika barabarani kumtazama. Ilikuwa zawadi ya kisiasa. Aliyezawadiwa hakuiomba, na aliyebebwa hakuulizwa.

Mwaka 2004 kisa hicho kilipanda jukwaani. Kampuni ya vikaragosi ya Handspring ya Cape Town, chini ya Adrian Kohler na Basil Jones, iliungana na kundi la Sogolon la Yaya Coulibaly kutoka Mali, nchi ambako Wabamana wamechezesha wanyama wa miti na vitambaa kwa vizazi vingi. Wakatunga mchezo ulioitwa Tall Horse. Twiga wake alifikia urefu wa kama mita 5, na ndani yake walikuwamo watu wawili juu ya mironjo. Tom Morris wa National Theatre ya London alimwona twiga huyo, akaanza kusaka hadithi ambayo mhusika wake mkuu ni mnyama. Akaipata katika riwaya ya Michael Morpurgo ya mwaka 1982, War Horse, inayomfuata farasi wa shamba anayetwaliwa na jeshi katika Vita Kuu ya Kwanza.

Yaliyofuata yanajulikana. Tamthilia ilifunguliwa London Oktoba 2007, ikahamia ukumbi wa kibiashara mwaka 2009 na kukaa huko hadi Machi 2016. Ilipofika New York mwaka 2011 ilitwaa tuzo 5 za Tony, na Handspring wakapewa tuzo maalumu. Hadi leo imetazamwa na zaidi ya watu milioni 8 duniani, idadi ambayo michezo mingi ya kuigiza haiwezi hata kuiota.

Ufanisi huo ndio ulioleta mjadala ambao bado haujaisha katika wizara za utamaduni na bodi za kumbi za maonyesho: mchezo wa namna hii ukienda ziarani kwa msaada wa fedha za umma, umma unalipia nini hasa?

Jibu linaanzia kwenye mwili wa farasi mwenyewe. Joey, farasi mkuu wa War Horse, ameundwa kwa henzirani zilizopindwa, aluminiamu, ngozi na wavu mwepesi. Ana uzito wa zaidi ya kilo 40 na anaweza kubeba mpanda farasi. Lakini akiachwa peke yake kwenye ghala hana uhai kuliko kapu. Watu watatu ndio wanaomhuisha. Mmoja husimama nje na kuongoza kichwa na masikio. Wa pili yumo kifuani, anashika miguu ya mbele na kupandisha na kushusha pumzi ya mnyama. Wa tatu ana miguu ya nyuma na mkia. Mlio wa farasi hutoka kwa wote watatu. Hawapeani ishara za maneno. Mmoja akivuta pumzi, wengine wanajua kwamba Joey ameshtuka. Ujuzi huo hauji kwa semina ya siku mbili, na kwa kuwa kazi yenyewe inaumiza mgongo na mabega, timu hupokezana kutoka onyesho moja hadi jingine.

Waingereza walilikubali jambo hilo hadharani mwaka 2022. Katika tuzo za Olivier, tuzo ya mwigizaji bora msaidizi wa kiume ilikwenda kwa watu saba kwa pamoja, wote waigizaji wa chui milia mmoja katika tamthilia ya Life of Pi. Wapo walioguna. Majaji, hata hivyo, waliona sawasawa: chui yule alikuwa saba.

Kwa hiyo mnyama mkubwa wa jukwaani hudai malipo mara mbili: mara moja anapoundwa, na kila wiki tena kwa watu wanaomwendesha. Uingereza ilianza mwaka 2014 kuwapa watayarishaji wa tamthilia nafuu ya kodi ya asilimia 20, na 25 kwa maonyesho yanayozunguka miji. Tangu Aprili 2025 viwango vimewekwa vya kudumu, asilimia 40 na 45. Hoja ya serikali inaeleweka. Mtu wa mji mdogo analipa kodi sawa na wa London, na asiambiwe kila mara apande treni ili aione sanaa. Lakini nafuu hiyo haiulizi ni nini kinachobaki pale mjini malori yakishaondoka.

Wala si kweli kwamba pesa zikiwapo kila mtu hutendewa haki. Mwaka 2014, farasi wakiwa bado wanajaza ukumbi wa London, National Theatre iliwaachisha kazi wanamuziki watano wa War Horse na kuweka muziki uliorekodiwa. Walikwenda Mahakama Kuu kutaka warudishwe, wakakataliwa. Mtu anaweza kutetea uamuzi ule kisanaa, na uongozi ulijaribu. Uamuzi ulibaki na doa hata hivyo: mchezo uliojengwa juu ya pumzi za watu ulionekana ukipunguza watu.

Mwaka huohuo farasi walifika Johannesburg na Cape Town. Ilikuwa imepita miaka saba tangu mafundi wa Cape Town wawaunde, na ndipo majirani zao wakawaona jukwaani. Berlin ilikuwa imeshawaona mwaka 2013, tena kwa Kijerumani.

Mfano wa kuangaliwa kwa makini ni Beijing. Mwaka 2015 National Theatre haikupeleka China kundi la Waingereza. Ilishirikiana na Jumba la Taifa la Maigizo la huko, waigizaji na wachezeshaji wa Kichina wakafunzwa, na Joey akaanza kuishi miongoni mwa watu wanaosema Kichina. Ni njia ghali na ya polepole, na China ina mfuko ambao nchi nyingi hazina. Lakini onyesho la mwisho lilipokwisha, ujuzi wa kumhuisha farasi ulikuwa umebaki nchini.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na Afrika Mashariki. Aprili 2025, jijini Kinshasa, ulianza msafara uitwao The Herds: wanyama wa kadibodi na plaiwudi, twiga, pundamilia na sokwe wakiwamo, wakitoroka joto la dunia na kukimbilia kaskazini. Wakapita Lagos na Dakar, wakavuka kuingia Ulaya, wakaishia Norwei Agosti, safari ya kilomita 20,000. Mkurugenzi wake, Mpalestina Amir Nizar Zuabi, ndiye aliyeongoza mwaka 2021 msafara wa Little Amal, kikaragosi cha mita 3.5 cha binti mkimbizi wa Syria, kutoka Uturuki hadi Manchester. Wanyama wa The Herds walibuniwa na kundi la Ukwanda la Cape Town, wasanii waliolelewa kikazi na Handspring. Kila kituo wenyeji walifunzwa kuwachezesha, na watazamaji hawakulipa kiingilio.

Hapo ndipo sifa na kasoro zinapoketi mkeka mmoja. Mtoto wa Kinshasa alikutana na twiga barabarani bila tiketi, jambo ambalo War Horse haikuwahi kumpa. Lakini wenyeji waliofunzwa kwa siku chache huweza kumtembeza mnyama. Kumfanya asite, aogope, amkumbuke mtu, hilo ni somo jingine. Msafara ulikuwa gwaride zuri kuliko ulivyokuwa tamthilia. Na wanaouliza kama ni busara kuvuka mabara kwa ajili ya kuhubiri dhidi ya hewa ukaa hawasumbui watu bure.

Afrika Mashariki si mgeni wa mambo haya. Mwaka 1965 wanafunzi wa Makerere walianzisha ukumbi wa maigizo wa kusafiri, wakacheza bure mijini na vijijini, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikawa na wake mwaka 1974. Wachewa wa Malawi, Zambia na Msumbiji wana wanyama wakubwa wa kusukwa wa Gule Wamkulu, wanaobebwa na wanaume walio ndani, na hawakumsubiri mtu wa London awafundishe. Nairobi, mchoraji Gado alianzisha kipindi cha vikaragosi cha XYZ Show mwaka 2009, akathibitisha kwamba wachongaji na wachezeshaji wa vikaragosi wa kiwango cha televisheni wapo. Kinachokosekana ni muda unaolipiwa wa kujifunza kazi ya watu watatu ndani ya mwili mmoja.

Kwa hiyo taasisi ya sanaa ya Bagamoyo, TaSUBa, au Kenya Cultural Centre ikipata barua ya kukaribisha ziara kama hii, maswali ya kwanza yawe ya mkataba. Wachezeshaji wangapi wa hapa watafunzwa, kwa wiki ngapi, na kwa malipo gani? Michoro ya mifupa ya mnyama itaachwa kwa nani? Je, kundi la wenyeji litaruhusiwa kuendelea kuucheza mchezo kwa Kiswahili, Mwanza au Kisumu, makontena yakishapakiwa? Na farasi akivunjika mguu Dodoma, nani ana ruhusa ya kuutengeneza?