Pikipiki Kuukuu na Elimu Isiyo na Daftari

Kuna dhana iliyozagaa miongoni mwa wasomi wetu kwamba fundi wa kando ya barabara hana elimu bali ana mazoea tu. Kwamba anapofungua injini hubahatisha, na ikiwaka ni kudra. Dhana hii ningependa kuipinga leo, na katika kuipinga nitatumia chombo ambacho wasomaji wengi vijana huenda hawajapata kukipanda: pikipiki ya zamani yenye injini ya mapigo mawili, ile iliyotiwa petroli iliyochanganywa na oili, ikatoa moshi wa samawati na mlio mkali kama wa nyuki waliochokozwa.

Ukifika Illasit, mji mdogo wa mpakani ulio kwenye miteremko ya chini ya Mlima Kilimanjaro, ng'ambo yake ikiwa Tarakea ya Tanzania, utaona kwamba karibu pikipiki zote zinazobeba abiria ni za mapigo manne, nyingi zikiwa zimetoka India na China. Hizi zilifurika nchini hasa baada ya serikali kuziondolea pikipiki ndogo Kodi ya Ongezeko la Thamani mnamo 2008. Kabla ya hapo, pikipiki iliyojulikana sana huko mashambani ilikuwa Yamaha ya mapigo mawili, aina ya AG100 au DT, aliyokabidhiwa bwana shamba, afisa wa mifugo au mhudumu wa afya. Chache zingali hai. Nazo zi hai kwa sababu wapo mafundi wachache, wengi wao sasa wazee, wanaozielewa tabia zake.

Wasomaji watashangaa kusikia kwamba ng'ambo mashine za ukoo huo huo zimekuwa vitu vya fahari. Katika nchi nyingi za Ulaya, Marekani na Australia huandaliwa mashindano ya pikipiki kuukuu za mapigo mawili. Watu wazima wenye kazi zao za ofisini hutumia mwisho wa juma kuzikimbiza, na aghalabu muda wanaoutumia wakiwa wamepiga magoti kando ya njia, spana mkononi, wakisaka sababu ya silinda moja kufa, huzidi muda wanaokaa juu ya tandiko. Wala hawaoni haya kwa hilo. Kutatua hitilafu pale pale uwanjani, kwa vifaa vilivyomo katika sanduku moja, ni nusu ya mchezo wenyewe.

Injini hizi si za kudharauliwa. Giacomo Agostini alipotwaa ubingwa wa dunia wa daraja la sentimita za ujazo 500 mwaka 1975 akiwa na Yamaha, ilikuwa mara ya kwanza kwa injini ya mapigo mawili kushinda daraja hilo, na mwelekeo huo haukubadilika hadi kanuni zilipobadilishwa mwaka 2002. Bara letu nalo lilikuwamo. Mwaka 1980 Jon Ekerold wa Afrika Kusini alikuwa bingwa wa dunia wa daraja la 350 kwa Yamaha iliyofungwa katika fremu ya Bimota, bila timu ya kiwanda nyuma yake, akimshinda Anton Mang wa Kawasaki katika mbio za mwisho za msimu kule Nürburgring. Mtu asiye na kiwanda hana budi kuwa na fundi anayejua kusikiliza.

Hata magari ya Safari yetu yana sura yake katika kisa hiki. Mshindi wa 1956, Eric Cecil akiwa na Tony Vickers, aliendesha DKW yenye silinda tatu za mapigo mawili. Gari hilo liliuzwa kwa jina la ajabu, 3=6, yaani tatu ni sawa na sita, kwa hoja kwamba injini ya mapigo mawili huwaka kila mzunguko wa krenki ilhali ya mapigo manne huwaka mara moja kwa kila mizunguko miwili. Mwaka 1964 Erik Carlsson wa Sweden alishika nafasi ya pili kwa Saab ya mapigo mawili isiyotimia hata lita moja. Yeye ndiye aliyenasa katika matope, akaamua pamoja na mwenzake kulibiringisha gari juu ya paa lake hadi likatua pakavu, kisha wakaendelea na safari. Waandishi wa habari walipokataa kusadiki, walilibiringisha tena mbele ya macho yao.

Turudi sasa kwa fundi wetu, tutazame anachokijua.

Kwanza, anajua kusoma plagi. Injini ikiwa imepewa petroli nyingi kupita hewa, plagi hutoka nyeusi na yenye kulowa. Ikiwa hewa ni nyingi kupita petroli, hutoka nyeupe kama majivu, na hapo hatari iko karibu. Ikiwa ya kahawia, mambo ni sawa. Lakini fundi mahiri hakubali kuisoma plagi ya pikipiki iliyokuwa ikinguruma polepole mbele ya duka. Atamwamuru mwendeshaji aikimbize kwa nguvu zote, azime injini katika kasi hiyo hiyo, ashike klachi na kuiacha ijiviringie mpaka isimame, ndipo plagi ifunguliwe. Sababu ni kwamba rangi ya plagi ni ushahidi wa dakika ya mwisho ya uhai wa injini, na ukiiacha ingurume polepole, ushahidi wa kasi umefutika. Mbinu hii ndiyo ile ile inayotumika katika viwanja vya mbio vya Ulaya. Je, huku ni kubahatisha?

Pili, anajua hewa ya mahali. Taveta iko takriban mita 750 juu ya usawa wa bahari. Loitokitok, zaidi ya mita 1,500. Pikipiki iliyorekebishwa vyema Taveta hupanda mlima ikikohoa, kwa kuwa hewa imepungua na petroli haikupungua. Dawa yake ni kufungua kabureta, kukisogeza kikamatio cha sindano tundu moja juu ili sindano yenyewe ishuke, au kutia jeti yenye tundu dogo zaidi. Anayeteremka asiporudisha mambo yalivyokuwa, injini itakosa petroli na kuchemka. Watu hufanya kazi hii bila kipimo cha mwinuko wala jedwali. Wana ramani ya miteremko vichwani mwao.

Tatu, na hili ndilo linalonivutia zaidi, anajua kutofautisha maradhi yenye dalili zinazofanana. Pikipiki imekosa nguvu. Huenda eksozi imeziba kwa masizi, maana oili inayoungua huacha masizi mengi. Huenda ringi za pistoni zimechoka. Huenda sili ya krenki imekatika na injini inavuta hewa isiyopita kwenye kabureta, na katika mapigo mawili tumbo la krenki ni sehemu ya njia ya pumzi, hivyo tundu dogo tu huharibu kila kitu. Fundi huacha injini ipate moto kisha husikiliza. Ikipaa yenyewe bila kuongezwa mafuta na kukataa kutulia, atashuku sili au mpira wa kabureta kabla ya kugusa kitu kingine. Pampu ya oili ikichoka na nyingine haipatikani, ataifunga kabisa na kumfundisha mwenye pikipiki kuchanganya mwenyewe: kwa kipimo cha moja kwa ishirini, chupa ya nusu lita ya petroli inataka mililita 25 za oili.

Mtu anayekwenda kutoka dalili hadi dhana, kutoka dhana hadi jaribio, na kutoka jaribio hadi hukumu, anafanya kile tunachowafundisha wanafunzi wetu wa shahada ya uzamili, na baadhi yao, waniwie radhi, hawajakiweza.

Sasa tuje kwenye lugha, ambayo ndiyo taaluma yangu. Elimu hii yote imo katika Kiswahili. Si Kiswahili cha kamusi, lakini ni Kiswahili chenye sarufi timamu. Chukua kitenzi *kunoki*. Kimetoka katika Kiingereza, na kwa kuwa hakiishii kwa irabu ya *a*, kimewekwa katika safu moja na *kusafiri* na *kurudi*, nacho hunyambulika kama wao: injini imenoki, dereva ameinokisha. Hakuna mwalimu aliyewapa mafundi kanuni hiyo. Zaidi ya umbo, maana yake nayo imehama. Katika lugha ya asili neno lenyewe hutaja mlio, ule mgongano wa ndani unaotoa onyo kwamba petroli inalipuka kabla ya wakati wake. Kwa fundi wetu, kunoki ni matokeo: injini imekamata, imekufa. Kiingereza kimetaja kengele, Kiswahili kikataja maziko. Katika injini ya mapigo mawili baina ya hayo mawili mna sekunde chache tu, ndiyo maana waendeshaji wa mashindano huweka kidole juu ya klachi wakati wote, waikate injini na gurudumu mara tu mlio unapobadilika.

Mfano huo si mzaha wa mwanaisimu. Fundi anayetaka cheti cha daraja la tatu, la pili au la kwanza hukuta kwamba vitabu vya mafunzo karibu vyote ni vya Kiingereza. Mtahini akimuuliza kwa Kiingereza kuhusu mlio, yeye ataeleza habari za mauti ya injini, kwa kuwa neno ni moja na maana ni mbili. Ataandikiwa kosa, ilhali alijua mambo yote mawili. Katiba yetu ya 2010, katika ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Urasmi huo haujafika kwenye gereji.

Kazi ya istilahi imefanywa, sikatai. Mwaka 1987 Rajmund Ohly alitoa Dar es Salaam kamusi ya msingi ya ufundi, na mabaraza yetu yametoa orodha nyingi tangu hapo. Lakini takriban kazi zote hizo zimeanzia neno la Kiingereza na kulitafutia mwenzi wa Kiswahili. Kwenda kinyume cha hivyo, yaani kuanzia kinywani mwa fundi na kuuliza neno hili linabeba ujuzi gani, ni jambo tulilolifanya kwa uchache mno. Neno *pikipiki* lenyewe ni tanakali sauti. Lilitoka masikioni mwa watu, halikutoka katika kikao cha kamati.

Kwa wanaodhani kwamba ujuzi usioandikwa hauna thamani, nitaleta kisa kimoja. Katika Ujerumani Mashariki, mhandisi Walter Kaaden wa kiwanda cha MZ aliboresha namna ya kuumba eksozi ili mawimbi ya shinikizo yarudi na kuisukuma petroli iliyotaka kutoroka irejee ndani ya silinda. Kufikia 1961 injini yake ya sentimita za ujazo 125 ilitoa nguvu za farasi 25, kiwango kilichokuwa cha ajabu. Mwezi Septemba mwaka huo, wakati wa mbio za Kristianstad nchini Sweden, mwendeshaji wake Ernst Degner alitoroka, akajiunga na Suzuki ya Japani akiwa na elimu ile. Mwaka uliofuata Suzuki ilitwaa ubingwa wa dunia wa daraja la 50, Degner mwenyewe akiwa juu ya tandiko. Kiwanda kizima kiliinuliwa na yale aliyoyajua mtu mmoja. Kwetu mambo ni mabaya zaidi, kwani ujuzi wa wazee wa Illasit hauibwi na yeyote. Unazikwa nao.

Nisieleweke vibaya. Siombi injini hizi zirudi barabarani. Zinachoma oili, zinachafua hewa, na zinakunywa petroli kuliko za mapigo manne. Mahali pake sasa ni uwanjani, kama ambavyo magari ya zamani yamepewa mashindano yao ya Safari Classic tangu 2003. Mashindano hayo huleta wageni na fedha. Ya pikipiki hayahitaji fedha nyingi: Illasit ina vumbi la volkano la kutosha kumpima mwendeshaji yeyote na kichujio chochote cha hewa, na AG100 iliyotupwa nyuma ya ofisi ya idara fulani haina bei ya kutisha.

Ningeliachiwa kuandika kanuni, ningeliweka hizi. Mbio ziwe fupi, katika kiwanja kilichofungwa, kofia ngumu zikivaliwa, wala si katika barabara ya Taveta ambako vijana wetu tayari wanashindana na malori. Matengenezo yote yafanyike pale pale, mbele ya watazamaji. Na pikipiki inaposimama, fundi asiguse spana kabla hajaeleza kwa sauti, kwa Kiswahili anachokitumia kila siku, anadhani hitilafu iko wapi na kwa nini. Alama zitolewe kwa maelezo hayo sawa na zitolewavyo kwa mwendo. Idara za Kiswahili za vyuo vikuu zilete wanafunzi wao na vinasa sauti. Mamlaka ya mafunzo ya viwanda ilete mtahini mmoja, akae, asikilize, na aandike maswali ya mtihani wa mwaka ujao kutokana na aliyoyasikia. La kwanza liulize maana ya plagi nyeupe kwa pikipiki iliyotoka kuteremka Taveta.