Gari likivuja, tafuta mlango wa maji kabla ya kuziba

Ikiwa una gari dogo lililokula chumvi, liwe Starlet, Vitz, Demio, Fit au Golf, weka gazeti hili kando kwa dakika tano. Nenda ufungue buti, uinue zulia lake, utoe gurudumu la spea na kutia mkono ndani ya lile shimo. Mkono ukitoka mkavu, hongera, mpe jirani ukurasa huu. Ukitoka umelowa, basi keti tuzungumze.

Wenye magari wengi huligundua jambo hili siku ya panchari, wakiwa kando ya barabara, jeki imeshika kutu na spea inaogelea. Lakini gari lilikuwa limeshasema zamani: vioo kujaa mvuke asubuhi hata usiku ambao haukunyesha, harufu ya tambara la jikoni, taa ya nyuma inayowaka na kuzima ipendavyo. Si shida ya harufu tu. Maji yaliyotuama hula sakafu ya gari kutoka ndani, mahali ambapo hakuna anayechungulia, na nyaya nyingi hupitishwa papo hapo chini ya zulia. Aidha, sponji iliyolowa huota kuvu, na mtoto mwenye pumu anayeketi kiti cha nyuma kila siku akienda shule ndiye atakayeumia kwanza.

Dawa ambayo utapewa na mafundi wengi ni mrija wa silikoni. Watapaka kuzunguka kioo, taa na raba, walipwe, mvua inyeshe, maji yarudi. Sababu ni kwamba aghalabu maji hayaonekani pale yanapoingilia. Yanaweza kuingia juu kwenye paa, yakafuata mshono wa chuma au waya, yakapita nyuma ya plastiki na kujitokeza mbali kabisa na hapo. Anayepaka silikoni pale penye unyevu huenda anaziba njia ya kutokea, na maji yabaki ndani. Tena silikoni ya kawaida ya madirisha ya nyumba, ile inayonuka siki, hutoa asidi inapokauka, na ikigusa chuma kisicho na rangi huleta kutu.

Kabla ya kuilaumu mvua, yatambue maji yenyewe. Ikiwa zulia la mbele upande wa abiria linalowa hata wakati wa kiangazi, chovya kidole unuse, ila usionje. Maji yenye harufu tamu na yanayoteleza kama yana mafuta ni ya rejeta. Hita iliyo nyuma ya dashibodi inavuja. Angalia kiwango cha maji ya rejeta, injini ikiwa baridi, na usichelewe kumwona fundi, kwani injini ikikosa maji gharama yake utaijutia. Maji safi yasiyo na harufu, yanayokuja tu unapowasha eyakondisheni, ni jasho la mtambo huo. Kibomba chake cha kumwagia nje kimeziba uchafu, na kukizibua si kazi kubwa. Kama ni nyuma panapolowa kila unaporushia maji kioo cha nyuma, basi kimpira kinachopeleka maji hayo kimechomoka au kupasuka, mara nyingi pale kinapojikunja karibu na bawaba za mlango wa buti.

Ikibaki kwamba mshukiwa ni mvua, tafuta mwenzako, tochi na mpira wa maji. Toeni zulia na plastiki za kando, mkaushe kila kitu, kisha mpake poda ya mtoto juu ya chuma. Tone likipita litaacha mchirizi ambao utaufuata kwa macho kurudi juu lilikotoka. Mmoja wenu alaze viti vya nyuma, aingie na tochi, mlango wa buti ufungwe. Awe mtu mzima. Watoto wataomba sana, wakatalie. Aliye nje amwage maji taratibu bila kuufinya mpira, akianzia chini: kwanza bampa, halafu taa, kisha raba ya mlango, mwisho paa. Kila mahali apape dakika tano. Mkianzia juu, maji yatateremka na kulowesha kila kitu, nanyi hamtajua ni lipi lililoyaingiza. Wala msitumie ile mashine yenye nguvu ya kuoshea magari, kwa kuwa hupitisha maji hata pale ambapo mvua haipiti.

Mara nyingi mtakuta ni taa za nyuma. Gasketi yake ya sponji husinyaa kwa jua na miaka. Honda Fit za kizazi cha kwanza, zilizoanza kuuzwa Japani mwaka wa 2001, zina sifa mbaya ya kujaza maji shimo la spea kupitia kwenye taa na maungio ya bati. Fungua nati za taa, kwangua gasketi yote ya zamani, safisha kwa spiriti, uweke mpya au utepe wa butili, ule mweusi unaonata kama chingamu. Raba ya mlango nayo ipime kwa kipande cha gazeti: fungia gazeti mlangoni, kisha livute. Likichomoka bila kubishana, raba haibani hapo. Wakati mwingine raba ni nzima, ila kitasa kinataka kusogezwa kidogo. Ukienda Barabara ya Kirinyaga kutafuta raba iliyovuliwa gari jingine, ikunje kabla ya kutoa pesa. Ikipasuka, mwachie mwenyewe.

Kuna jambo ambalo wengi hawaliamini: milango ya pembeni imeundwa ikijua kwamba maji yataingia. Mvua hupenya pale kioo kinapozama mlangoni, ikateremka ndani na kutokea kwenye vitundu vilivyo chini. Kinachoyazuia maji yasije miguuni pako ni karatasi ya nailoni iliyogandishwa nyuma ya ile plastiki ya mlango. Basi fikiria gari limewekwa spika mpya, au kioo kimetengenezwa. Karatasi imeraruliwa, ikatupwa, plastiki ikarudishwa, kila mtu akaenda zake. Miezi baadaye zulia la nyuma linalowa na hakuna anayekumbuka spika. Kwenye Golf ya kizazi cha nne, iliyotolewa mwaka wa 1997, kazi hiyo hufanywa na bati lenye gasketi ya sponji, na sponji hiyo ikizeeka hakuna raba ya nje itakayokusaidia. Zibua vitundu vya chini kwa kijiti, kisha gandisha nailoni mpya kwa utepe wa butili. Hiyo ni kazi rahisi ambayo hata mwanafunzi anaweza kuifanya Jumamosi moja.

Wakazi wa Nairobi wana adui mwingine mzuri wa kutazamwa. Mijakaranda huchanua kuanzia Oktoba, na mvua fupi nazo huja wakati huo huo. Maua na vijani huanguka kwenye mfereji ulio chini ya waipa, yakaziba matundu yake. Maji hupanda, yakaingia kwenye njia ya hewa ya feni na kumwagikia miguu ya abiria. Fungua boneti uyachote kwa mkono. Kama gari lina dirisha la paa, vibomba vyake vya kumwagia maji nje pia huziba. Vipitishe uzi mnene wa nailoni polepole, usivipige upepo wa kompresa visije vikachomoka ndani. Kioo cha mbele kikivuja usikijaribu nyumbani. Gundi yake ni sehemu ya uimara wa gari, hivyo mpelekee fundi wa vioo.

Ukishaziba, kausha. Sponji iliyo chini ya zulia huweka maji majuma mengi huku juu ukihisi pakavu, kwa hivyo lazima itolewe ianikwe. Ukilazimika kutoa viti, chomoa betri kwanza, usubiri kidogo, na usichezee nyaya za manjano kwani hizo ni za mifuko ya hewa. Palipo na kutu, piga msasa, paka rangi ya kuzuia kutu. Shimo la spea lina kizibo cha raba. Wako wanaokitoa moja kwa moja ili maji yajitokee. Kirudishe. Pasipo hicho, vumbi, maji ya barabarani na hata moshi wa ekzosi utapata njia ya kuja kwa watoto wako. Usirudishe zulia siku hiyo hiyo. Tandaza gazeti shimoni, endesha gari hivyo hivyo mpaka mvua kubwa mbili zipite, na kila mara ulipapase.